Hisa za Mkopeshaji wa Nyumba: Fedha ya Msimu na Deni la Miaka Ishirini

Mpunga ukishavunwa na kuuzwa, na malipo ya miwa yakishawafikia wakulima wa Kidatu na Ruaha, bonde la Kilombero huwa na fedha mkononi kwa miezi michache. Njia za fedha hiyo zilikuwa zikijulikana: bati, pikipiki, kiwanja Ifakara mjini, ada ya shule, au magunia ya mpunga wa kununua kwa bei ya msimu na kuyaweka ghalani hadi bei ipande. Siku hizi kuna njia nyingine. Aliye Mlimba au Mang'ula anaweza kufungua akaunti ya hisa na kuagiza hisa za benki iliyo Dar es Salaam kwa kutumia programu ya Hisa Kiganjani, bila kupanda basi.

Bei za hisa za benki zilipopanda Dar es Salaam na Nairobi mwaka 2025, swali moja likaanza kuulizwa na watu wengi. Kama hisa za benki kubwa zimeshakuwa ghali, je, si busara kutafuta mkopeshaji wa nyumba ambaye hisa yake bado iko chini, kuinunua kwa wingi, na kungoja ipande? Majibu yanagongana. Mmoja anasema nyumba ni mali isiyooza, kwa hiyo anayekopesha kwa dhamana ya nyumba hawezi kuanguka. Mwingine anasema soko la hisa ni upatu uliovaa suti. Wa tatu anasema serikali haiwezi kuacha taasisi ya nyumba ife. Uchambuzi huu unapitia historia, hoja za kila upande, nguvu zake na udhaifu wake, kisha unazipima kwa mizani ya mtu ambaye kipato chake huja kwa msimu.

Mkanganyiko unaanzia wapi

Chanzo cha kwanza ni uzoefu wa vikundi. Watu wengi wa bonde hili walijua hisa kupitia VICOBA, SACCOS na AMCOS. Katika kikundi, hisa ina bei moja iliyopangwa na wanachama. Mtu hununua kila wiki, hukopa kwa kuangalia hisa zake, na mwisho wa mzunguko kikundi hugawana fedha zilizokusanywa pamoja na faida. Hisa ya soko haina mzunguko wa kugawana. Kampuni haikurudishii fedha yako. Atakayekurudishia ni mnunuzi mwingine, kwa bei atakayokubali siku hiyo, kama atakuwepo.

Chanzo cha pili ni kuchanganya mwenye amana na mwenye hisa. Mtu aliyeweka akiba benki anaidai benki, na akiba hiyo inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Mwenye hisa hana bima hiyo. Benki ikifilisika, husubiri mpaka wadai wote walipwe, na mara nyingi hakuna kinachobaki kwa ajili yake.

Chanzo cha tatu ni kudhani kwamba bei ndogo maana yake ni rahisi. Hisa ya shilingi 200 inaweza kuwa ghali na ya shilingi 5,000 ikawa rahisi, kwa sababu bei ya hisa moja haisemi lolote mpaka ulinganishe na faida, mtaji na idadi ya hisa zote. Kwa mwekezaji mdogo kosa hili lina mvuto wake, maana laki tano hununua hisa nyingi za bei ndogo, na wingi huo humpa mtu hisia ya utajiri.

Historia kwa ufupi

Tanzania haina kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam inayoishi kwa mikopo ya nyumba pekee. Kabla ya kutafuta hisa ya namna hiyo ni vizuri kujua kwa nini haipo.

Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikichukua nafasi ya kampuni ya mikopo ya nyumba iliyoitangulia. Ilikuwa mali ya serikali, na kazi yake ilikuwa kuwakopesha wafanyakazi na wakulima fedha za kujengea. Ilianguka mwaka 1995 ikiwa na mikopo mingi isiyolipika. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Mtanzania aliyetaka nyumba alijenga kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, paa Mungu akijalia.

Mazingira ya sheria yalibadilika taratibu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilirekebishwa mwaka 2004 ili ardhi iweze kuwekwa rehani kwa urahisi zaidi, na mwaka 2008 zikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni inayowapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yawakopeshe wananchi kwa miaka 15 au 20. TMRC inamilikiwa na mabenki na taasisi nyingine. Mwananchi hanunui hisa zake sokoni, ila hatifungani zake zimeorodheshwa Dar es Salaam. Pamoja na hatua hizo, mikopo yote ya nyumba nchini bado haijafika asilimia 1 ya pato la taifa.

Kwa hiyo anayetaka kuvizia bei ya hisa ya mkopeshaji wa nyumba katika Afrika Mashariki huishia kutazama Nairobi. Housing Finance ya Kenya ilianzishwa mwaka 1965, ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, na sasa inaitwa HF Group. Ndiyo mfano ulio karibu zaidi, na una mafunzo ya pande zote mbili.

Mwaka 2015 kampuni hiyo iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 30 za Kenya kila moja, na maombi yakazidi sana hisa zilizotolewa. Mwaka uliofuata Kenya ikapitisha sheria ya kuweka kikomo cha riba, iliyodumu hadi Novemba 2019. Wakati huohuo nyumba ambazo kampuni ilikuwa imejenga au kugharimia zilichelewa kuuzwa, na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kama ilivyopangwa, ikaongezeka mpaka ikapita sehemu moja ya tano ya mikopo yote. Kuanzia 2018 hadi 2021 kampuni ilipata hasara kila mwaka. Bei ya hisa ikateremka hadi kuzunguka shilingi 3. Faida ilirudi mwaka 2022. Mwishoni mwa 2024 kampuni ilitoa tena hisa mpya, safari hii kwa shilingi 4, ikakusanya takriban shilingi bilioni 6. Riba za Kenya zilikuwa zimeanza kushuka tangu Agosti 2024, na katika mwaka 2025 hisa hiyo ikazidi mara mbili ya bei ya toleo.

Historia hii hunukuliwa na kila upande. Anayevizia bei hutaja safari ya kutoka 4 kwenda juu. Anayepinga hutaja safari ya kutoka 30 kwenda 3. Wote wawili wanasema kweli.

Kwa nini hisa ya namna hii huyumba sana

Kabla ya kuzipima hoja, tuangalie injini ya biashara yenyewe, maana bei ya hisa hufuata mambo manne.

La kwanza ni wembamba wa mtaji. Tuchukue mkopeshaji wa kubuni mwenye mikopo ya shilingi bilioni 100. Kati ya hizo, bilioni 12 ni mtaji wa wanahisa na bilioni 88 ni amana na madeni. Mikopo ya bilioni 6 ikipotea, wenye amana hawapungukiwi hata shilingi. Hasara yote inawaangukia wanahisa, na mtaji wao unabaki bilioni 6. Mikopo iliyopotea ni asilimia 6 tu, lakini mtaji uliopotea ni asilimia 50. Injini hiyohiyo ikigeuka upande wa faida, nafuu ndogo kwenye mikopo huinua thamani ya hisa kwa kishindo. Ndiyo maana hisa hizi huporomoka kwa kasi na hupanda kwa kasi.

La pili ni muda. Mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 15 hadi 20, ilhali amana nyingi za wateja zinaweza kuondoka ndani ya miezi mitatu. Mkopeshaji anaazima kwa muda mfupi na kuazimisha kwa muda mrefu. Riba ya amana ikipanda, gharama yake hupanda mara moja, lakini mapato kutoka kwa waliokopa hayapandi kwa mwendo huo.

La tatu ni riba ya nchi. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inatumia riba ya Benki Kuu kama chombo chake kikuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huohuo, na kushuka hadi 5.75 Julai 2025. Mabadiliko madogo kama hayo hayamgusi sana muuza mpunga, lakini kwa mkopeshaji wa nyumba yanaweza kuamua kama mwaka utaisha na faida au bila faida.

La nne ni dhamana yenyewe. Nyumba haiozi, lakini inaweza kukaa sokoni miaka miwili bila mnunuzi, ikawa na kesi mahakamani, au hati yake ikawa na mgogoro. Katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi jambo hili linajulikana vizuri. Mradi wa kupima ardhi na kutoa hati za haki miliki za kimila uliendeshwa huku kuanzia mwaka 2016, kwa sababu kabla ya hapo wengi walimiliki kwa kauli na kwa alama za miti. Hati ni hatua kubwa, ila hati peke yake haimleti mnunuzi wa nyumba iliyonadiwa.

Hoja ya kwanza: nunua ikiwa chini, uza ikipanda

Wanaovizia bei wana ushahidi. Aliyenunua HF Group kwa shilingi 4 aliona fedha yake ikizidi mara mbili ndani ya muda mfupi. Nyumbani pia ipo mifano. CRDB iliuza hisa zake za awali kwa shilingi 150 mwaka 2009, baadaye ikashuka chini ya bei hiyo, kisha ikavuka 600 mwishoni mwa 2024. Aliyeikimbia wakati wa unyonge alikosa karamu. Hoja yao ya msingi ni kwamba soko huogopa kupita kiasi, na mwenye moyo hupata faida ya woga wa wengine.

Nguvu nyingine ya hoja hii ni kwamba mtu wa Ifakara si mgeni wa kuvizia bei. Kununua mpunga Juni na kuuza Februari ni biashara ileile ya kungoja.

Udhaifu ni mitatu. Kwanza, gharama. Dar es Salaam ada za dalali na taasisi za soko kwa miamala midogo hufika karibu asilimia 2 wakati wa kununua na karibu asilimia 2 tena wakati wa kuuza. Kwa hiyo bei isipopanda kwa zaidi ya asilimia 4, anayeingia na kutoka amefanya kazi ya bure. Anayenunua Nairobi huongeza gharama ya kubadili shilingi ya Tanzania kuwa ya Kenya, kisha kuirudisha.

Pili, ukwasi. Bei inayoonekana kwenye simu ni bei ya muamala uliopita. Haikuhakikishii kwamba utauza kwa bei hiyo. Tuseme una hisa 5,000 za benki ndogo, na skrini inaonyesha bei ya mwisho 400. Unafungua orodha ya maombi. Mnunuzi wa kwanza anataka hisa 300 kwa 400, wa pili anataka 500 kwa 380, wa tatu anataka 200 kwa 350, na chini yake hakuna mtu. Hisa zako 1,000 zitauzwa, kila fungu kwa bei ya chini kuliko lililotangulia, na 4,000 zitabaki zikingoja. Hali hii si ya kufikirika. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa shilingi 850 mwaka 2017, maelfu ya wananchi walinunua kwa mara ya kwanza. Baadaye bei ilikaa chini ya hapo kwa miaka, na waliotaka kutoka walilazimika kusubiri.

Tatu, mfanano wake na mpunga una mwisho. Bei ya mpunga ikigoma kupanda, gunia bado linaliwa. Kila mwaka pia kuna wakati ambapo ghala hupungua na bei hupata sababu ya kupanda. Hisa ya mkopeshaji aliyejaa mikopo chechefu haina msimu wa uhaba unaoilazimisha kupanda. Inaweza kukaa chini miaka sita, kama ilivyotokea Nairobi.

Hoja ya pili: kaa na hisa, kula gawio

Kundi la pili halipendi kukimbizana na bei. Linasema hisa ni umiliki wa biashara, na mwenye biashara hungoja matunda yake. Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa ni asilimia 5, nafuu kuliko kwa kampuni isiyoorodheshwa. Nchi ina watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022, na wenye mikopo ya nyumba ni elfu chache. Miji kama Ifakara inakua, barabara na umeme vinasogea, hati zinaongezeka. Kwa mantiki hiyo, soko la mikopo ya nyumba halina pa kwenda isipokuwa juu.

Nguvu ya hoja hii ni subira. Aliyenunua NMB kwa shilingi 600 mwaka 2008 na kukaa nayo ameona bei ikizidi mara nane, mbali na magawio ya miaka yote hiyo. Alihitaji tu kutokuwa na haraka.

Udhaifu wake uko kwenye neno "soko litakua". Soko la mikopo kukua si sawa na mwanahisa kufaidika. Hoja ya upungufu wa nyumba ilikuwa ya kweli Kenya mwaka 2015, na bado ni ya kweli. Walionunua kwa shilingi 30 kwa sababu hiyo waliumia vilevile. Uhitaji wa nyumba ni jambo moja, na uwezo wa wananchi kulipa mkopo wenye riba ya asilimia 15 au zaidi ni jambo jingine.

Pia mwanahisa mvumilivu huweza kupunguzwa. Mkopeshaji aliyekaukiwa mtaji hutoa hisa mpya kwa bei ya chini. Mwanahisa mdogo asiye na fedha ya kuzinunua wakati huo hubaki na idadi ileile ya hisa, lakini katika kampuni yenye hisa nyingi zaidi. Sehemu yake ya faida husinyaa hata kama kampuni inapona. Toleo la mwishoni mwa 2024 liliongeza hisa za HF Group mara kadhaa. Kwa hiyo mwenye hisa za zamani asiyeshiriki hatarudi alikokuwa kwa sababu tu kampuni imerudi kwenye faida.

Hoja ya tatu: serikali haitaiacha

Kundi la tatu linaamini kwamba nyumba ni siasa, na serikali haiwezi kukaa kando mkopeshaji wa nyumba akizama. Kwa hiyo hisa inayoporomoka ni nafasi ya kununua kabla mwokozi hajafika.

Hoja hii ina ukweli nusu. Serikali huingilia kati. Lakini huwalinda wenye amana na mfumo wa fedha. Mwanahisa hayumo kwenye orodha hiyo. Uingereza ilitoa funzo gumu. Northern Rock ilikuwa chama cha nyumba kilichogeuka benki mwaka 1997 na kuwagawia wanachama wake hisa, hivyo wanahisa wengi walikuwa watu wa kawaida. Mwanzoni mwa 2007 hisa yake ilivuka pauni 12. Septemba mwaka huo wateja walipanga foleni kutoa akiba zao, na bei ikaporomoka. Baadhi ya wawekezaji, wakubwa kwa wadogo, walinunua wakati wa kuanguka wakiamini serikali itawalipa. Februari 2008 benki ikataifishwa. Mthamini huru akasema hisa zilikuwa na thamani ya sifuri, na madai ya wanahisa yakakataliwa hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2012. Wenye amana walilipwa.

Marekani ilifanya vingine kidogo. Fannie Mae na Freddie Mac, nguzo mbili za mikopo ya nyumba, ziliwekwa chini ya serikali Septemba 2008, na serikali ikajipa haki ya kumiliki asilimia 79.9. Hisa zake ziliondolewa kwenye soko kuu la New York mwaka 2010 lakini zikaendelea kuuzwa pembeni. Kwa zaidi ya miaka 15 wawekezaji wadogo wamezinunua na kuziuza wakifuata kila uvumi wa Washington, na zilipanda ghafla baada ya uchaguzi wa Novemba 2024. Wapo waliotajirika. Lakini walichokuwa wakikisia ni uamuzi wa wanasiasa, na hakuna hesabu ya faida na hasara inayoweza kuutabiri.

Hapa kwetu rekodi ni fupi na iko wazi. Benki ya Nyumba ilikuwa ya serikali yenyewe, na iliachwa ife. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja, zikiwemo benki za wananchi za Njombe na Meru. Desemba 2022 iliiweka Yetu Microfinance, iliyokuwa imeorodheshwa Dar es Salaam, chini ya usimamizi wake, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Anayetegemea huruma ya serikali kwa mwanahisa hana mfano wa nyumbani wa kuuonyesha.

Hoja ya nne: bakini na mnachokijua

Kundi la nne linasema mkulima asiguse soko la hisa. Kumbukumbu ya DECI, upatu uliovunjwa mwaka 2009 baada ya kumeza fedha za watu wengi, bado inauma, na kila mwaka hujitokeza mtandao mpya wa simu unaoahidi faida ya kila siku. Kwa nini usinunue kiwanja, mpunga, au trekta la mkono?

Nguvu ya hoja hii ni elimu. Mtu wa Mbingu anajua shamba lipi hujaa maji na lipi halijai. Hajui mikopo chechefu ya benki ya Nairobi. Zipo pia njia tulivu. Hatifungani za serikali hununuliwa kuanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba kila nusu mwaka. Mifuko ya pamoja ya UTT AMIS, kuanzia Umoja ulioanzishwa 2005, hupokea kiasi kidogo na kusambaza hatari kwa kampuni nyingi.

Udhaifu wake ni kuchanganya soko la hisa na utapeli. Soko lina Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, madalali wenye leseni na hesabu zinazochapishwa, upatu hauna. Tena, kubaki na mpunga, ardhi na miwa pekee si usalama. Vyote vitatu hutegemea bonde moja, mvua moja na mto mmoja. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwakuta wenye mashamba, maghala na viwanja vya mabondeni kwa pamoja. Kuwa na kiasi kidogo cha mali isiyoloweshwa na mto Kilombero kuna maana.

Kuzipima hoja

Ukizipanga hoja nne pamoja, unaona kwamba hazipingani sana kuhusu kampuni. Zinapingana kuhusu muda. Anayevizia bei anahitaji kutoka haraka, mpenda gawio anahitaji kukaa, anayetegemea serikali hajui atangoja hadi lini, na anayekataa anataka fedha iwe karibu. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: fedha unayotaka kununulia itahitajika lini? Swali la kama hisa itapanda linafuata baadaye.

Kwa mkulima wa mpunga jibu lipo kwenye kalenda. Oktoba na Novemba ni kulima, Desemba na Januari ni kupanda, Januari ni ada, kisha vibarua wa palizi mpaka mavuno ya Mei na kuendelea. Fedha ya Julai ina miezi mitatu au minne ya uhuru. Ukiipeleka kwenye hisa ya mkopeshaji wa nyumba, umechukua fedha ya muda mfupi na kuifunga kwenye deni la miaka 20 la watu usiowajua. Hilo ndilo kosa linalowaangusha wakopeshaji wa nyumba wenyewe: kuazima kwa muda mfupi na kuazimisha kwa muda mrefu. Benki ikibanwa huweza kukimbilia TMRC au Benki Kuu. Mkulima akibanwa Novemba, huuza hisa kwa bei yoyote iliyopo, au huenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Hasara yake basi haitokani na kampuni kuwa mbaya. Kampuni inaweza kupona mwaka unaofuata, yeye akiwa ameshatoka.

Hali ni tofauti kwa mwenye mshahara. Mwalimu, mfanyakazi wa hospitali ya Mtakatifu Francis au wa kiwanda cha sukari ana kipato cha kila mwezi kinachomwezesha kungoja, ilimradi hajanunua kwa mkopo. Huyu anaweza kuichukua hoja ya pili, na hata chembe ya hoja ya kwanza. Lakini asimamie vipimo, hisia aziweke kando. Mabenki huchapisha hesabu zake kila robo mwaka, na mistari minne inatosha kwa kuanzia. Uwiano wa mikopo chechefu: Benki Kuu hutaka usizidi asilimia 5, hivyo aliye juu ya 15 ni mgonjwa. Mtaji ukilinganishwa na mikopo: ukiwa mwembamba, tarajia hisa mpya. Gawio la miaka mitano iliyopita: benki isiyolipa ina sababu. Na idadi ya hisa: ikiongezeka haraka kuliko faida, sehemu yako inasinyaa.

Jambo la mwisho katika mizani ni wingi wa hisa moja. Kuvizia bei kwa sehemu ndogo ya akiba ni mchezo unaovumilika. Kuweka mavuno yote kwenye kampuni moja kwa sababu "ni ya nyumba" hakuvumiliki, hata kampuni iwe nzuri. Kanuni inayokubalika na pande nyingi ni kuweka kiasi ambacho kisipoonekana miaka mitano, shamba litalimwa na mtoto ataendelea na shule.

Kwa muhtasari

Hisa ya mkopeshaji wa nyumba huyumba kuliko nyumba yenyewe, kwa sababu mtaji ni mwembamba, amana ni fupi na mikopo ni mirefu. Mfano wa Nairobi unaonyesha kwamba kuanguka kwa sehemu tisa za kumi na kupanda mara mbili kunaweza kutokea kwenye kampuni ileile ndani ya muongo mmoja. Wanaovizia bei wana haki ya kusema woga wa soko hutoa nafasi, lakini husahau ada na uchache wa wanunuzi. Wapenda gawio wana haki ya kusifu subira, lakini hisa mpya zinaweza kuila subira hiyo. Wanaotegemea serikali wanachanganya mwenye amana na mwenye hisa. Wanaokataa kabisa wanakwepa utapeli na wakati huohuo wanaacha kila kitu mikononi mwa mvua ya bonde moja.

Kwa wakazi wa Kilombero, mizani inaelemea hapa: fedha ya msimu ibaki kwenye mambo ya msimu, au kwenye mfuko wa pamoja unaoruhusu kuitoa kwa urahisi. Akiba ya muda mrefu, hasa ya mwenye mshahara, inaweza kugusa hisa za mabenki kwa kipimo na kwa kusoma hesabu. Kuvizia bei ya mkopeshaji mmoja wa nyumba kwa fedha inayohitajika Novemba kunabaki kuwa kubahatisha, hata kama mara moja kumewahi kulipa.